Upimaji wa muundo wa mwili kwa wanamichezo

Upimaji wa muundo wa mwili ni njia ya kukadiria kiasi cha mafuta, misuli, mifupa na maji mwilini. Kwa wanamichezo hufanywa pamoja na majaribio ya mbio, miruko na nguvu.

Historia

Mwaka 1942 Albert Behnke, daktari wa jeshi la majini la Marekani, aliwapima wachezaji 25 wa futiboli ya Kimarekani kwa kuwazamisha majini. Kwa uzito wao, 17 walihesabiwa wanene mno kwa jeshi, lakini wengi wao walikuwa na mafuta kidogo na misuli mingi.

Mbinu

Njia rahisi ni kupima unene wa mikunjo ya ngozi kwa koleo maalumu. Nyingine hutumia umeme hafifu au eksirei. Kipimo cha umeme hupotoka mtu akipungukiwa na maji.

Wanaume na wanawake

Mafuta ya lazima hukadiriwa kuwa asilimia 3 ya uzito kwa mwanamume na 12 kwa mwanamke, kwa sababu ya uzazi na homoni. Kwa hiyo hawapimwi kwa kiwango kimoja.

Afrika Mashariki

Watafiti walioongozwa na Bengt Saltin waliona kwamba wakimbiaji wa Kenya wana miguu miembamba chini ya goti, ambayo hutumia nishati kidogo kuirusha mbele.

Hatari

Wepesi una kikomo. Mwanamichezo asiyekula vya kutosha hudhoofika mifupa, na mwanamke huweza kukosa hedhi. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitahadharisha kwamba upungufu huo wa nishati huwapata wanaume pia.