Kasigau Jukwaani: Tamthilia ya Historia na Wanafunzi wa Sekondari

Mlima Kasigau, kusini mashariki mwa Voi nchini Kenya, una kisa ambacho mtunzi wa tamthilia hana haja ya kukitia chumvi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, na tangu hapo vikosi vyao vidogo vikawa vinapenya nyikani kuilipua reli ya Uganda. Mwaka 1915 waliiteka pia kambi ya Waingereza pale Kasigau. Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba ndio waliomwonyesha adui njia. Vijiji vikachomwa moto, na Wakasigau wakahamishiwa Malindi, ambako njaa na maradhi viliwaua wengi. Waliosalia walirudi mlimani katika miaka ya 1930.

Je, vijana wa miaka 14 hadi 18 wanafaa kukiigiza kisa kama hicho? Mwalimu wa drama wa Voi au Mwatate hakabiliwi na swali hilo peke yake, kwani Kenya imekuwa ikilijibu kwa namna mbalimbali tangu tamasha la drama la shule lilipoanzishwa mwaka 1959. Mwanzoni walimu Wazungu ndio walioshika usukani, na michezo ilikuwa ya Kiingereza. Katika miaka ya 1970 maudhui ya Kiafrika yalishika kasi, na historia ya ukoloni ikaingia jukwaani. Leo mchezo hupanda ngazi kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha eneo zima la Pwani, na hatimaye taifa. Katika kila ngazi waamuzi huutazama upya.

Kumbukumbu za tamasha hilo zina jambo moja la ajabu: michezo iliyozua mzozo mkubwa haikuzuiwa kwa sababu ya damu wala vifo. Mwaka 2013 Shackles of Doom, mchezo wa Shule ya Wasichana ya Butere, ulipigwa marufuku kwa madai ya kuchochea ukabila, hadi Mahakama Kuu ilipoamuru uchezwe. Mwaka 2025 shule hiyohiyo ilijikuta tena mahakamani kwa ajili ya Echoes of War, mchezo uliogusa uongozi na hasira za vijana. Mara zote mbili kilichowakera wakubwa ni kwamba mchezo ulisema habari za leo. Mkuki wa enzi za ukoloni haumchomi afisa aliye ofisini sasa.

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, ni kipimo bora zaidi cha kinachowafaa vijana. Inahusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, ambavyo vifo vyake hukadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Ndani yake mna njaa, viboko, mnyapara anayemtaka binti wa mtu, na watu wanaokufa wakiamini kwamba risasi zitageuka maji. Hata hivyo imesomwa na wanafunzi wa sekondari Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Haiwafai kwa sababu imepunguza ukatili. Inawafaa kwa sababu kila tukio la ukatili lina sababu yake, na shujaa mwenyewe anaachwa na shaka ambayo msomaji hawezi kuikwepa.

Kwa kipimo hicho Kasigau inafaa kwa wanafunzi wakubwa wa sekondari. Moto wa vijiji unaweza kusimuliwa na mhusika, na msafara wa kwenda Malindi ukaonyeshwa kwa mizigo na ukimya. Hatari iko kwingine. Mtunzi akimbuni msaliti na kumpa jina la ukoo uliopo, atakuwa amewahukumu watu kwa tuhuma ambayo wajukuu wao wangali wanaibeba, na huenda mmoja wao yumo darasani. Vivyo hivyo na mafuvu ya wahenga, ambayo Wataita, kabila la Wakasigau, waliyahifadhi mapangoni kwa heshima kubwa: fuvu la plastiki mikononi mwa mwigizaji litawaudhi wazazi wa Kitaita kuliko bunduki kumi za mbao.

Wanafunzi wadogo waanze na masimulizi darasani, kabla ya kuvishwa maleba. Nao wazee wa Rukanga na Bungule, vijiji vya chini ya Mlima Kasigau, wasomewe mchezo mzima kabla mazoezi hayajaanza.