Somo la Watu Wazima: Mwami Aliyekuwa Mwanamke

Leo tutazungumza juu ya kazi za mwanamume na kazi za mwanamke katika nchi ya Buha, na jinsi zilivyopata kugawanywa. Huenda utasema, "Jambo hilo halina historia, tangu zamani ndivyo lilivyo." Bwana mmoja katika darasa letu la Kibondo alisema hivyo hivyo, na wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Basi na tulichunguze.

Kwanza itazame lugha. Kiha, kama Kiswahili, hakitengi mume na mke pale tunaposema "yeye". Na neno Mwami, yaani mtawala, halisemi kama anayekalia kiti ni mwanamume au mwanamke. Katika miaka ya 1950 Mwami wa Heru, huko Kasulu, alikuwa mwanamke: Mwami Theresa Ntare. Ntare maana yake ni simba. Hakuitwa mke wa Mwami, aliitwa Mwami. Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, alikuwa miongoni mwa wanawake wachache waliokuwa wabunge, pamoja na Bibi Titi Mohamed.

Sisemi kwamba Buha ya kale ilikuwa pepo ya wanawake. Haikuwa hivyo hata kidogo. Binti aliolewa kwa mahari, ng'ombe walikuwa mikononi mwa wanaume, na mtawala mwanamke alikuwa nadra. Lakini ukuta baina ya mume na mke ulikuwa na milango. Mlango mmoja ulikuwa ibada ya kubandwa, iliyofuatwa Buha na Burundi, ambako lugha na desturi zinakaribiana sana na zetu. Huko Burundi mwanamke aliyepandwa na roho katika ibada hiyo aliweza kuvaa mavazi ya heshima ya kiume na kukalia kigoda, mambo ambayo siku nyingine hakuruhusiwa. Wazee wetu basi walijua kwamba mwili mtu huzaliwa nao, lakini nafasi yake mbele ya watu hupewa na watu.

Wala si sisi peke yetu. Katika visiwa vya Filipino, mbali kule Asia, lugha ya Kitagalogi nayo ina neno moja tu kwa mume na mke, "siya". Makuhani wao wa kale, walioitwa babaylan, wengi walikuwa wanawake, na mwanamume aliyeshika kazi hiyo mara nyingi alivaa na kuishi kama mwanamke. Wahispania, waliojenga utawala wao huko tangu mwaka 1565, waliwapiga vita makuhani hao.

Turudi nyumbani. Serikali ya kikoloni ilidai kodi, na kodi ililipwa kwa fedha. Fedha zilikuwa mbali, katika mashamba ya mkonge, hasa upande wa Tanga. Wanaume wa Buha wakaenda kwa maelfu, wakiitwa manamba. Je, nyumbani alibaki nani? Mwanamke ndiye aliyelima mahindi na maharagwe, akalea, akauguza wazee. Lakini jina lililoandikwa katika daftari la kodi lilikuwa la mume, na shilingi zilirudi mfukoni mwa mume. Hivyo aliyelima shamba akawa mtu mmoja, na aliyehesabiwa kuwa mwenye shamba mtu mwingine.

Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa na sheria, na kiti cha Heru kikaisha. Mwaka huo huo, na hili ningependa ulitie alama kwa kalamu, Serikali ilitoa Tamko la Sheria za Mila. Mila zilizokuwa zikijadiliwa barazani, zikilegea hapa na kukaza pale, sasa ziliandikwa. Kanuni zake za urithi zilimweka binti nyuma ya ndugu zake wa kiume. Ardhi ya ukoo aliweza kuitumia, lakini si kuiuza.

Kanuni hiyo ilifika Mahakama Kuu ya Mwanza. Mama mmoja wa Kihaya aliuza shamba la ukoo alilorithishwa na baba yake, na mtoto wa ndugu yake akamshitaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kumnyima mwanamke haki ya kuuza, ambayo mwanamume anayo, ni kinyume cha Katiba. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikasema kwamba mila inayomnyima mwanamke kumiliki ardhi haina nguvu. Tamko lenyewe sheria hiyo haikulifuta. Ndiyo maana magomvi haya bado yanafika mabarazani.

Kabla ya somo lijalo, mwulize mzee wa kike na mzee wa kiume katika kijiji chako: mume alipokuwa mkongeni, shamba la nyumbani lililimwa na nani? Na leo limeandikwa kwa jina la nani? Andika majibu yote mawili katika daftari lako, uje nayo darasani.