Mshahara na Kalamu: Maisha ya Kazi ya Muhammed Said Abdulla

Wasomaji wengi wa Kiswahili humfahamu Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, kuliko wanavyomfahamu aliyemuumba. Hata wanafunzi wetu hutaja majina ya riwaya bila kujiuliza mwandishi alikula nini siku alizokuwa akiziandika. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuuliza swali hilo juu ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kwa kuwa jibu lake laihusu historia ya fasihi yenyewe.

Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa katika Idara ya Afya akiwa mkaguzi. Mwaka 1948 aliingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka kumi iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 alikabidhiwa Mkulima, jarida la kilimo, akalihariri mpaka alipostaafu mwaka 1968.

Sifa yake kubwa haikutoka katika kazi hizo za kila siku. Ilitokana na hadithi aliyoipeleka katika shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58, ikapata tuzo ya kwanza. Ndiyo Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapwa mwaka 1960. Lakini tuzo ilimpa jina, haikumpa riziki: mwaka uleule wa 1958 ndipo alipoanza kuhariri Mkulima.

Tuzitazame tarehe. Riwaya ya pili, Kisima cha Giningi, ilitoka mwaka 1968, yaani miaka minane baada ya ya kwanza, na mwaka uleule wa kustaafu. Kuanzia hapo hadi mwaka 1976 zilitoka riwaya tano, miongoni mwao Duniani Kuna Watu na Siri ya Sifuri. Ni kweli kwamba mwaka wa kuchapwa si lazima uwe mwaka wa kuandikwa, kwani mswada huweza kungoja kwa mchapishaji. Hata hivyo, mpangilio huo hauwezi kupuuzwa. Mhariri hutumia siku nzima kunyoosha sentensi za watu wengine; zake humngoja.

Kuna mwingine ambaye saa hiyo ya mapumziko haikumtosha. Shaaban Robert alifanya kazi ya ukarani serikalini tangu mwaka 1926, akaandika huku akitumika. Alifariki Juni 1962, muda mfupi baada ya kuacha utumishi. Kufikirika na Utubora Mkulima zilichapwa yeye akiwa kaburini.

Je, ajira ilikuwa hasara tupu? Hatudhani. Kazi ya mkaguzi wa afya ni kutafuta chanzo cha maradhi katika mambo yanayoonekana kwa macho. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, maiti ya Bwana Ali inakutwa penye mzimu, lakini Bwana Msa hakubali kuwasingizia wazimu na mashetani. Anachunguza, anapima, anauliza. Yumkini ukaguzi ulimfunza mwandishi jicho hilo, na magazeti yakamfunza sentensi nyepesi inayomvuta msomaji hadi mwisho.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Abdulla alishika mbili na hakuna iliyomponyoka, ila moja ilikaa ikingoja miaka. Hapo ndipo habari zake zinapotugusa sisi wa Kongo. Kwetu mwalimu hutoka darasani akaenda kutafsiri barua za watu, jioni akasahihisha kazi za wanafunzi, Jumamosi akalima shamba nje ya mji, na mswada wake wa Kiswahili umelala sandukuni. Tukiandika historia ya fasihi yetu, tusifanye haraka kusema kwamba waandishi hawapo. Tuulize kwanza nani aliwalipa, kwa kazi gani, na baada ya kazi hiyo walibakiwa na saa ngapi.