Nani Kasema? Elimu ya Uzazi Ilivyofika Kwenye Simu Zetu



Mwezi uliopita tuliletewa ujumbe wa sauti uliokuwa ukizunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Bibi mmoja, sauti yake ya upole kabisa, alikuwa akiwaambia waja wazito kwamba kuvimba uso, kuumwa kichwa na kuona vimulimuli ni baridi tu iliyopanda, dawa yake ni tangawizi na kulala, na wanaokimbilia hospitali wanachomwa masindano bure. Aliyetuletea alikuwa na mimba ya miezi minane, na kichwa kilikuwa kinamuuma tangu juzi yake. Hakutuuliza kama maneno yale ni kweli. Alituuliza tangawizi kiasi gani.

Tulimwambia aiwache tangawizi, avae buibui lake, achukue kadi ya kliniki, aende hospitali usiku ule ule. Alikwenda. Presha ilikuwa juu sana, akalazwa, akachomwa hayo masindano, na alhamdulillah leo ana mtoto wa kike.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukizungumza suala moja. Sote tumesoma chuoni. Tumefundishwa kwamba hadithi haipokelewi mpaka ijulikane sanad yake: nani kaisikia kwa nani, na huyo alikuwa mtu wa namna gani. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha tuichunguze habari kabla ya kuitendea kazi. Basi vipi kwenye mambo ya matumbo yetu na watoto wetu tunapokea maneno yasiyo na mwenyewe? Na hizo tovuti za afya tunazoambiwa ni za kuaminika, sanad yao ni ipi? Tukaingia kutafuta, na tulichokikuta kimetushangaza. Kazi ya kuzichuja habari za tiba na kuziweka kwenye kompyuta ilianza na sisi wanawake, kwenye chumba cha uzazi.

Mwaka 1979 daktari mmoja wa Uingereza, Archie Cochrane, aliandika makala iliyowachoma wenzake. Alisema kila tawi la udaktari lingepaswa kukusanya majaribio yake yote na kuyapima, lijue dawa ipi inasaidia na ipi haisaidii. Katika uzembe wa jambo hilo, akasema, madaktari wa uzazi ndio washika mkia. Wengi wangekasirika tu. Lakini mjini Oxford alikuwepo daktari wa uzazi, Iain Chalmers, aliyekwishaanza kuyakusanya. Yeye na wenzake walipekua majarida kwa miaka, kisha wakawaandikia barua zaidi ya madaktari 40,000 katika nchi 18, wakiwauliza kama wana majaribio waliyoyafanya na hawakuyachapisha. Ukituuliza sisi, hiyo ni safari ya mtu anayetafuta hadithi mji kwa mji.

Mwaka 1988 mkusanyo wao ukatoka kwa disketi za kompyuta, na mwaka 1989 likatoka kitabu la juzuu mbili lenye kurasa zaidi ya 1,500. Tulichokipenda ni orodha za mwishoni. Mambo yanayosaidia yako mbali, yasiyojulikana yako mbali, na yanayopaswa kuachwa yako mbali. Kwenye hayo ya kuachwa mlikuwemo kumnyoa kila mama anayekuja kujifungua na kumpiga bomba la tumbo. Mama zetu wengi waliyapitia yote mawili wakiona haya na wakinyamaza, wakidhani ndiyo tiba ilivyo. Kumbe hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba yana faida. Cochrane alifariki mwaka 1988, lakini kabla ya hapo alikwishaandika dibaji ya kitabu hicho, na humo akalifuta tusi lake la washika mkia. Mwaka 1993 jumuiya ya watafiti wa nchi nyingi ikaanzishwa ifanye kazi hiyo kwa maradhi yote, ikapewa jina lake. Mukhtasari wa kazi zao leo unasomwa bure kwenye intaneti.

Tazama nembo ya jumuiya hiyo. Vile vistari vya katikati si pambo. Ni majaribio ya dawa za steroidi kwa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati. Jaribio la kwanza lilichapishwa mwaka 1972 New Zealand na Liggins na Howie, nalo lilionesha kwamba mama akichomwa sindano hiyo, mapafu ya mtoto njiti hukomaa upesi na wengi zaidi huishi. Majaribio mengine yakafuata, moja hapa, moja kule. Hakuna aliyeyaweka pamoja mpaka mwaka 1989. Kwa miaka ile yote, madaktari wengi hawakuitoa dawa kwa sababu kila mmoja alikuwa kaona kipande chake tu. Watoto wangapi walizikwa katika miaka 17 hiyo, Mungu ndiye ajuaye. Elimu ilikuwepo duniani ila imetawanyika.

Na masindano ya dada yetu yana sanad pia. Kifafa cha mimba kwetu kimeitwa majina mengi, na mama aliyeanguka akitikisika amesomewa na kufukiziwa ubani kabla ya kufikishwa hospitali. Hatusemi msisome, someni, huku gari linakwenda. Lakini hata hospitali kubwa za dunia zilikuwa hazijaafikiana dawa. Wengine wakitumia diazepamu, wengine fenitoini, wengine magnesiamu salfeti. Mwaka 1995 jaribio la wanawake zaidi ya 1,600 waliokwishapata kifafa lilionesha magnesiamu ndiyo inayozuia kisirudi. Mwaka 2002 likafuata kubwa zaidi, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, wenye presha ya mimba ambao bado hawajaanguka. Waliopewa magnesiamu, hatari yao ya kupata kifafa ilipungua kwa zaidi ya nusu. Ni chumvi tu ile, ya bei nafuu. Yule bibi mwenye sauti ya upole hakuwa na jaribio hata moja.

Upande wa daktari na mkunga milango ilifunguka kwa kasi. Mwaka 1997 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani iliifanya PubMed iwe bure kwa yeyote mwenye intaneti. Shirika la Afya Duniani likatoa maktaba yake ya afya ya uzazi, ambayo ilikuwa ikitumwa kwa sidii kule ambako mtandao haujafika. Mwaka 2002 ikaja HINARI, ambayo sasa imo ndani ya Research4Life, iliyowawezesha wahudumu na vyuo vya nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya kulipia kwa bure au kwa ada ndogo.

Na mgonjwa? Hapa mambo yalikwenda pole pole zaidi. Mwaka 1970 wanawake wa Boston, kina mama wa kawaida tu, walitoa kijitabu walichokiandika wenyewe kuhusu miili yao baada ya kuchoshwa na madaktari wasiowajibu. Ndicho kilichokuja kuwa Our Bodies, Ourselves, na tangu hapo kimegeuzwa lugha nyingi. Si kila kilichomo kitakubaliana na dini yetu, na hilo tunalisema wazi, lakini swali lao lilikuwa la haki. Shirika la Hesperian, ambalo kitabu chake sisi tunakijua kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari, lilitoa mwaka 1997 kitabu cha wanawake peke yao, na leo vitabu vyake vinasomwa bure kwenye tovuti, kikiwemo hicho cha Kiswahili. MedlinePlus ilianza mwaka 1998 kwa ajili ya mgonjwa, si daktari, ila ni ya Kiingereza na Kihispania. Hapo ndipo tunapoumia. Mkunga aliyesoma anaweza kuifikia elimu. Mama wa Makunduchi au Micheweni aliyemaliza skuli na Kiswahili chake kizuri anaachiwa sauti za WhatsApp.

Visiwa vyetu hata hivyo havikukaa kitako. Mwaka 2009 na 2010 ulifanyika hapa Zanzibar utafiti wa waja wazito zaidi ya 2,500 katika vituo 24 vya afya. Kundi moja lilipata ujumbe wa simu wa kukumbushwa kliniki na dalili za hatari, pamoja na vocha ya kumpigia mkunga. Katika kundi hilo, 60 kwa kila 100 walijifungua mbele ya mhudumu mwenye ujuzi, na katika kundi jengine 47. Lakini faida hiyo ilionekana kwa wanawake wa mjini. Wa shamba haikuwabadilishia kitu. Ujumbe unafika, gari halifiki. Mwaka 2012 Tanzania nzima ikapata ujumbe wa bure wa Kiswahili wa Wazazi Nipendeni.

Lililotugusa zaidi ni la Mnazi Mmoja. Karibu na mwaka 2015 wakunga na madaktari wa pale, pamoja na watafiti wa PartoMa, walikaa wakaiangalia miongozo ya kimataifa na kuona haitekelezeki kwa mkunga mmoja mwenye wazazi kadhaa kwa pamoja. Wakaandika wao kijitabu cha mfukoni kinacholingana na hali yao, wakakisomeshana. Watoto waliozaliwa wafu walikuwa 59 katika kila uzazi 1,000. Ndani ya mwaka mmoja hivi wakawa 39.

Sasa kuna Jamii ni Afya, ambapo mhudumu wa kujitolea anapita nyumba kwa nyumba na simu yenye maswali na maelekezo ya Wizara ya Afya. Mama hahitaji simu wala bando. Akibisha hodi kwako, mkaribishe ukumbini, mjibu, na ile tovuti au sauti uliyoipata kwenye kundi mwoneshe umuulize nani kasema.