Mpangaji Akiambiwa Anunue

Ndugu msikilizaji, mpangaji wa nyumba ya umma hapa Dar es Salaam akiambiwa kwamba sasa anaweza kuinunua nyumba anayoishi, jambo la kwanza atakalouliza ni bei. Shilingi ngapi, na nitalipa kwa miaka mingapi? Hilo ni swali la haki. Lakini ukiitazama historia ya jiji hili utaona kuwa kuna swali linaloitangulia bei, nalo ni kwamba, kinachouzwa hasa ni kitu gani? Ni kuta, ni kiwanja, au ni mahali?

Swali hili linawahusu hasa watu wa Magomeni Kota. Kaya 644 zilikuwa zikiishi pale katika nyumba za Manispaa ya Kinondoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 nyumba zile zikabomolewa, wakazi wakatawanyika, kila mmoja akatafuta pa kujistiri. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alifika Magomeni, akaagiza yajengwe maghorofa, wakazi wale wa zamani warudi, wakae miaka mitano bila kulipa kodi, kisha wauziwe. Wakala wa Majengo wa Serikali ukajenga, na Rais Samia Suluhu Hassan akayafungua mwezi Machi 2022. Miaka mitano si mingi. Ikiisha, baba na mama wa kila kaya wataketi mezani na kukata shauri.

Kabla hawajakata shauri, turudi nyuma kidogo. Hizi tunazoziita kota zilijengwa na serikali ya kikoloni, Ilala, Temeke, Magomeni na kwingineko, kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa mjini. Zilikuwa nyumba za kupanga, na mkoloni hakuwa na haraka ya kumwona mfanyakazi Mwafrika akimiliki nyumba ya kudumu mjini. Aliyetaka nyumba yake mwenyewe aliijenga Kariakoo au pembezoni mwake: ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na uani nyuma, mara nyingi ya miti na udongo, mwenye nyumba akikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vinavyobaki.

Baada ya Uhuru, mwaka 1962 likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kubomoa nyumba hizo za udongo na kujenga za matofali ya saruji mahali palepale au jirani. Mwenye nyumba ya zamani alipewa mpya, akatakiwa kuilipia kidogo kidogo. Huyo ndiye mpangaji mnunuzi wa awali katika jiji letu. Wapo waliomaliza, na wajukuu wao leo wanakusanya kodi kwa wengine. Wapo waliolegalega, madeni yakarundikana. Mpango wenyewe uliligharimu taifa fedha nyingi huku idadi ya nyumba mjini ikiongezeka kidogo tu, kwani kila iliyojengwa ilitanguliwa na iliyobomolewa. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali iliuacha, ikageukia kupima viwanja, kama vile Sinza na Kijitonyama, ili watu wajijengee.

Wakati huohuo katikati ya mji palitokea jambo kubwa zaidi. Miaka minne baada ya Azimio la Arusha, mwezi Aprili 1971, Bunge lilipitisha Sheria ya kutwaa majengo. Jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ambalo mwenyewe alikuwa amelipangisha, liliweza kuchukuliwa na serikali. Jengo lililozidi umri wa miaka 10 halikulipiwa fidia. Walioguswa zaidi walikuwa Watanzania na wakazi wenye asili ya Asia, ambao akiba yao ya maisha ilikuwa imo katika maghorofa ya Uhindini, Upanga na Kariakoo. Wengi wao waliondoka nchini katika miaka iliyofuata. Majengo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 ofisi hiyo ikaunganishwa na Shirika la Nyumba.

Mpangaji yeye alibaki chumbani mwake. Mwenye nyumba ndiye aliyebadilika jina. Hata kwa wapangaji wa halmashauri mambo yalikuwa hivyo hivyo. Halmashauri ya Jiji ilivunjwa mwaka 1974, ikarudishwa 1978, ikavunjwa tena 1996 na kuwekwa Tume, na mwaka 2000 zikapatikana manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Mtu mmoja angeweza kulipa kodi ya chumba kilekile kwa mabwana wanne bila kuhama. Mtu wa namna hiyo akiambiwa anunue, ni lazima apate wasiwasi: je, huyu anayeniuzia leo ndiye atakayekuwepo kesho kunipa hati?

Sasa njoo Kariakoo. Kodi za nyumba za umma zilidhibitiwa kwa muda mrefu, wakati biashara ya Kariakoo, hasa tangu milango ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa ikipanda kama moto wa nyika. Matokeo yake yanajulikana kwa kila anayepita Msimbazi au Mtaa wa Kongo. Mpangaji aliyeandikwa kwenye daftari alihamia mbali, chumba cha mbele kikawa duka, na mwenye duka akamlipa mpangaji huyo kodi kubwa huku yeye akilipeleka Shirikani lile fungu dogo. Na aliyetaka kuingia alitoa kilemba. Kilemba hicho, ndugu msikilizaji, ilikuwa ndiyo bei halisi ya Kariakoo. Watu walikuwa wakiuziana mahali bila hati, na senti ya kilemba haikuingia katika mfuko wa umma.

Kwa sababu hiyo sikuwahi kuafikiana na madai, yaliyofika mara kadhaa hadi Bungeni, kwamba Shirika liwauzie wapangaji nyumba zake za katikati ya mji. Ungemuuzia nani? Aliye kwenye daftari, au anayelala ndani? Shirika lilichagua njia nyingine, tangu miaka ya 1990, ya kuingia ubia na wenye mitaji, kubomoa na kupandisha maghorofa. Njia hiyo nayo imewaumiza wapangaji wengi wadogo waliopewa notisi, na si vema kulificha hilo. Lakini kiwanja kimebaki cha umma.

Tunao mfano wa kilichotokea pale kiwanja kilipotoka. Kuanzia mwaka 2002 serikali iliwauzia watumishi wake maelfu ya nyumba, zikiwemo za Oysterbay, zilizojengwa juu ya viwanja vipana karibu na bahari. Lawama kubwa ilikuwa kwamba bei ilikuwa ya kuta, wakati mnunuzi aliondoka na mahali. Baadaye serikali ikalazimika kujenga upya nyumba za watumishi.

Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua kwa punguzo la kati ya theluthi na nusu ya thamani. Zikauzwa nyumba zaidi ya milioni moja. Waliopata nyumba yenye bustani yake walifaidika sana. Waliopata chumba ghorofa ya kumi, baadhi yao waliletewa ankara nzito za kutengeneza paa na lifti. Scotland ilifuta haki hiyo mwaka 2016 na Wales mwaka 2019, kwa kuwa nyumba za kupangisha wasio na uwezo zilikuwa zikiisha.

Habari hiyo ya paa na lifti inaturudisha Magomeni. Mpaka mwaka 2008 sheria zetu hazikuwa na utaratibu mzuri wa mtu kumiliki sehemu ya ghorofa. Sheria ya mwaka huo ndiyo iliyowezesha kila sehemu kuwa na hati yake, na ngazi, paa na uwanja kuwa mali ya pamoja, chini ya chama cha wamiliki wanaochangia matunzo. Na ardhi yenyewe, kama ilivyo kote nchini, ni ya umma. Mwananchi hupewa haki ya kuitumia kwa muda.

Mimi ningekuwa mkazi wa Magomeni ningenunua. Magomeni iko hatua chache kutoka Kariakoo, na mahali pale hapatashuka thamani. Lakini kabla ya kutia sahihi ningeomba nioneshwe hati itakayoandikwa jina langu na lini nitaipata, kwanza au mwisho wa malipo. Ningeuliza mjane aliyebaki na watoto akishindwa malipo ya miezi mitatu atafanywa nini. Na ningetaka kujua, lifti ikikwama ghorofa ya saba, fundi ataitwa na nani, na atalipwa kutoka mfuko upi.