Mlango na Viti: Historia ya Shule ya Kilatini ya Wasichana ya Boston

1. Utangulizi

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi wanasimama mbele ya Musa na Eleazari kuhani na mkutano wote, wakiomba sehemu katika urithi wa baba yao. Mungu anawapa haki waliyoiomba. Lakini msomaji anayeendelea mpaka sura ya 36 hukuta kwamba wazee wa kabila wamekuja na hoja ya pili, na haki ile inawekewa mpaka: mabinti wataolewa katika kabila la baba yao tu, ardhi isije ikahama. Kupewa haki ni jambo moja, na kupimiwa haki hiyo ni jambo la pili. Wanaotoa na wanaopima si lazima wawe na nia moja.

Makala hii inakusudia kulichunguza jambo hilo katika historia ya shule moja ya umma huko Marekani, iliyoanzishwa mjini Boston ili kuwaandaa wasichana kuingia chuo kikuu. Jina lake lilikuwa Girls' Latin School, yaani Shule ya Kilatini ya Wasichana. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, elimu iliyotolewa humo ilikuwa ile ile iliyobuniwa zamani kwa ajili ya kuwaandaa wachungaji, hivyo habari zake si ngeni kwetu tulio katika vyuo vya theolojia. Pili, utaratibu wake wa kupokea wanafunzi unaonyesha wazi jinsi mlango unavyoweza kufunguliwa huku viti vya ndani vikibaki vichache.

2. Kilatini na njia ya chuo kikuu

Wapuritani walioujenga mji wa Boston walianzisha shule ya Kilatini ya wavulana mwaka 1635, mwaka mmoja kabla ya chuo cha Harvard. Walitaka kanisa lisikose wahudumu wanaoweza kuyasoma Maandiko na kuyafafanua. Sharti la kuingia Harvard lilikuwa Kilatini na Kiyunani, na sharti hilo, hata lilipokuwa limebadilika sura, lilidumu kwa zaidi ya karne mbili. Kwa hiyo aliyekosa lugha hizo alikosa uchungaji, na mara nyingi alikosa pia uanasheria na ualimu wa juu. Msichana hakukatazwa na kanuni ya chuo peke yake. Alikuwa amekwisha kuzuiwa miaka mingi kabla, kwa kutofundishwa sarufi.

Sisi Walutheri hatuna sababu ya kuwanyoshea Wapuritani kidole. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe shule, naye aliwakumbuka wasichana pia, jambo ambalo si wengi wa zama zake walilifanya. Hata hivyo alipofika kwenye kipimo, aliwapendekezea wavulana saa moja au mbili kwa siku, na wasichana saa moja. Wavulana wenye vipawa ndio waliotazamiwa kuendelea zaidi. Mlango ulifunguliwa, na kipimo kikawekwa papo hapo.

3. Shule iliyofungwa kwa kufanikiwa

Jaribio la kwanza la Boston kuwapa wasichana shule ya sekondari ya umma lilifanyika mwaka 1826. Miaka mitano kabla yake mji ulikuwa umewafungulia wavulana shule ya sekondari ya Kiingereza, na sasa wazazi wa mabinti walitaka yao. Shule ilipofunguliwa, waliojitokeza kufanya mtihani walizidi sana nafasi zilizokuwapo. Mwaka 1828 ikafungwa.

Hoja ya Meya Josiah Quincy inastahili kuangaliwa kwa makini. Wavulana wengi waliacha shule kabla ya kumaliza, wakaenda kutafuta kazi, hivyo darasa lilipungua na gharama zikapungua nalo. Wasichana hawakuondoka. Waliingia wengi na wakakaa, na mji uliona kwamba haungeweza kulipia jengo wala walimu wa kuwatosha. Bidii ya wanafunzi ikawa sababu ya kuwanyima shule. Tulikumbuke neno hili la viti na gharama, kwa maana tutalikuta tena baada ya miaka 144.

Katikati ya karne hiyo Boston ilianzisha shule nyingine ya wasichana, iliyounganishwa na mafunzo ya ualimu. Ilikuwa shule nzuri kwa kusudi lake, lakini haikuandaliwa kumfikisha mwanafunzi kwenye mtihani wa kuingia chuo kikuu.

4. Ombi la mwaka 1877

Mambo yalibadilika vyuo vilipofunguliwa. Chuo Kikuu cha Boston kiliwapokea wanawake tangu mwanzo wake katika miaka ya 1870, na vyuo vya wanawake vya Smith na Wellesley vilianza kufundisha mwaka 1875. Sasa kulikuwa na vyuo vilivyowataka wasichana, na wasichana hawakuwa na mahali pa kujiandaa. Marion Talbot, aliyezaliwa mwaka 1858 na baadaye akawa mkuu wa wanafunzi wa kike katika Chuo Kikuu cha Chicago, alilazimika kusomea lugha za kale nje ya shule za umma. Mama yake, Emily Talbot, aliona kwamba mzazi asiye na fedha za mwalimu wa nyumbani hangeweza kamwe kumfikisha binti yake chuoni. Yeye na wenzake wakapeleka ombi mwaka 1877 kwa halmashauri ya shule za mji: wasichana wapokewe katika Shule ya Kilatini ile ile ya mwaka 1635.

Upinzani ulikuwa mkubwa. Miaka minne kabla yake tabibu wa Boston, Edward H. Clarke, alikuwa ametoa kitabu kilichosomwa sana, akidai kwamba masomo mazito huharibu afya ya msichana na uwezo wake wa kuzaa. Rais wa Harvard, Charles W. Eliot, hakuafiki kuwasomesha vijana wa kiume na wa kike pamoja. Halmashauri ikachagua njia ya kati: wavulana wabaki katika shule yao, na wasichana wajengewe shule ya Kilatini ya peke yao.

Mji ule ulikuwa na kumbukumbu ya njia kama hiyo. Mwaka 1850 mahakama kuu ya jimbo la Massachusetts ilikataa madai ya Sarah Roberts, mtoto Mweusi aliyelazimika kupita shule za watoto Weupe ili afike shule iliyotengwa kwa ajili ya Weusi. Sheria ya jimbo ya mwaka 1855 ndiyo iliyoondoa utengano huo. Hatusemi kwamba mambo haya mawili ni sawa. Tunasema tu kwamba waombaji wa mwaka 1877 waliishi katika mji uliokwisha kujifunza jinsi shule iliyotengwa inavyoweza kuitwa ya haki.

5. Masomo

Shule ilifunguliwa tarehe 12 Februari 1878 ikiwa na wanafunzi 37, chini ya mwalimu mkuu John Tetlow, aliyeiongoza mpaka mwaka 1910. Tetlow hakukubali kipimo kidogo katika masomo. Wasichana walisoma Kilatini, Kiyunani na hisabati kwa kiwango kilichotakiwa na vyuo, bila kupunguziwa. Wahitimu wa kwanza, mwaka 1880, walikuwa 6, nao wakapokelewa katika chuo cha Smith.

Mmoja wao alikuwa Vida Scudder. Alizaliwa mwaka 1861 huko Madurai, India, mtoto wa mmishonari aliyefariki angali yeye mchanga. Baada ya Smith alisoma Oxford, kisha akafundisha fasihi ya Kiingereza katika chuo cha Wellesley kwa miaka mingi. Akiwa mwana wa Kanisa la Kiepiskopali, aliandika juu ya watakatifu, hasa Fransisko wa Asizi na wafuasi wake, na akatetea haki za wafanyakazi kama sehemu ya imani yake. Kanisa lake halikumpa daraja ya upadre. Hata hivyo lilipata kwake mwalimu ambaye lisingempata kama angeachwa bila Kilatini.

Kwa hiyo lazima tukiri kwamba shule iliyotengwa ilizaa matunda. Iliwapa wasichana nyumba yao, ambamo hakuna aliyewaambia kwamba Virgilio si wao. Miji mingine inaendelea kuamini faida hiyo: shule za umma za wasichana za Baltimore, iliyoanza mwaka 1844, na Philadelphia, iliyoanza mwaka 1848, zimebaki za wasichana hadi leo.

6. Alama 120 na alama 133

Tatizo halikuwa katika masomo. Lilikuwa katika upokeaji. Kufikia mwaka 1970 wavulana na wasichana wa Boston walifanya mtihani mmoja wa kuingia shule hizi mbili, wenye alama 200. Shule ya wavulana ilikuwa na viti vipatavyo 3000, na ya wasichana vipatavyo 1500. Halmashauri ilijaza viti kwa kuanzia juu ya orodha. Matokeo yake mvulana alipokelewa kwa alama 120, na msichana alihitaji 133. Msichana aliyepata 130 alirudishwa nyumbani, na mvulana aliyezidiwa naye kwa alama 10 aliingia.

Baadhi ya wasichana walikwenda mahakamani. Katika shauri la Bray dhidi ya Lee, mwaka 1972, mahakama ya shirikisho iliamua kwamba vipimo hivyo viwili vilivunja Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, yanayomhakikishia kila mtu ulinzi sawa wa sheria. Ikaagiza kipimo kiwe kimoja.

Tunaomba msomaji aangalie utetezi wa mji. Haukusema kwamba wasichana hawana akili. Alama zao zilikwisha kulijibu hilo. Ulitegemea ukubwa wa majengo. Lakini jengo halijijengi. Kwa muda wa karibu karne nzima watu wenye mamlaka walikuwa wameamua, bajeti baada ya bajeti, kwamba nafasi za wasichana ziwe nusu ya zile za wavulana. Kisha uamuzi huo ukasomwa kama hali ya asili, mfano wa mto au mlima usioweza kuhamishwa. Ni hoja ile ile ya mwaka 1828.

Mwaka huo huo wa 1972 shule zote mbili zilianza kupokea jinsia zote, na ile ya wasichana ikaitwa baadaye Boston Latin Academy. Ombi la mwaka 1877 lilikuwa limekubaliwa hatimaye, kwa gharama ya kutoweka kwa nyumba ya peke yao waliyoipenda wahitimu wake.

7. Kipimo hakikukoma

Mabishano yalihamia mahali pengine. Baada ya hukumu ya mwaka 1974 juu ya utengano wa rangi katika shule za Boston, mahakama iliagiza kwamba asilimia 35 ya nafasi katika shule za mtihani ziwe za wanafunzi Weusi na wa asili ya Kihispania. Mwaka 1998 mahakama ya rufani iliubatilisha upokeaji uliozingatia rangi. Wakati wa janga la korona mji uliuacha mtihani kwa muda na kugawa nafasi kwa alama za darasani na mitaa wanakoishi watoto. Na mwaka 2021 ukaamua kwamba watoto washindane na wenzao wa mazingira yanayofanana kiuchumi. Utaratibu ule wa muda ulipelekwa mahakamani pia, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kusikiliza rufaa. Kila kizazi kimelazimika kuulizwa upya jinsi kinavyopima.

8. Hitimisho

Kanisa letu limejenga shule na vyuo, na wengi wetu tunaosoma jarida hili tutaketi katika bodi zake. Siku moja tutaletewa taarifa kwamba nafasi za wasichana zimejaa, kwa kuwa bweni lao lina vitanda vichache. Taarifa hiyo itakuwa ya kweli, na mwenye kuileta hatakuwa na nia mbaya. Historia ya Boston inatufundisha tusiishie hapo. Tuulize bweni hilo lilijengwa lini, nani alikadiria idadi ya vitanda, na alikadiria kwa kuwafikiria akina nani. Kisha tuombe orodha ya majina, tuone alama za msichana wa kwanza aliyeachwa na za mvulana wa mwisho aliyepokelewa.

Mabinti wa Selofehadi walipewa haki yao kwa sababu Musa hakujibu kwa desturi iliyokuwapo. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana. Bodi inayoomba kabla ya kikao chake nayo inaweza kufanya hivyo, kisha iifungue bajeti.