Uhamishaji wa miche ya miti

Uhamishaji wa miche ya miti ni kazi ya kutoa mche kitaluni na kuupanda mahali utakapokua. Makala hii inahusu sehemu zenye kiangazi kirefu, kwa mfano kata ya Mutuka katika mji wa Babati, Mkoa wa Manyara, Tanzania. Huko msimu wa mvua ni takriban Novemba hadi Mei. Baadaye huja miezi mikavu, ikianza na baridi ya Juni na Julai.

Miti na kiangazi

Kinachoua miche huko si baridi bali kiu. Hata katika nchi za theluji, sehemu kubwa ya shida ya miti ni maji, kwa kuwa udongo ukiganda mizizi haiwezi kuyavuta. Ndiyo sababu mojawapo ya miti mingi ya Ulaya kupukutisha majani, na watu huihamisha ikiwa katika usingizi huo.

Miti ya miombo, kama ile ya msitu wa Duru-Haitemba wilayani Babati, hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Mingi huchipua tena kabla mvua haijanyesha. Mbuyu huweka maji katika shina lake. Mninga (*Pterocarpus angolensis*) una njia yake ya pekee: sehemu ya juu ya mche hukauka kila kiangazi kwa miaka kadhaa, huku mzizi ukinenepa ardhini, mpaka mwaka ambao shina linaweza kubaki. Asiyejua huung'oa akidhani umekufa.

Kuhamisha

Mche wa kitaluni hauna akiba kama hiyo. Umezoea kivuli na kumwagiliwa kila siku, kwa hiyo wiki chache kabla ya kuhamishwa hukomazwa: kivuli huondolewa kidogo kidogo na maji hupunguzwa. Mizizi iliyopenya chini ya kiriba hukatwa.

Shimo la sentimita 60 kwa 60 hufaa. Udongo wa juu, wenye rutuba, huwekwa kando na kuchanganywa na samadi iliyooza. Kiriba huchanwa na kuondolewa chote. Kikiachwa, mizizi hujizungusha humo na mti hudumaa. Mche hufukiwa mpaka usawa uleule uliokuwa nao kitaluni.

Wakati wa kupanda una uzito kuliko yote hayo. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti huadhimishwa tarehe 1 Aprili, lakini mahali ambapo mvua huisha Mei, mche wa siku hiyo hupata wiki chache tu za kushusha mizizi. Ni afadhali kupanda mara udongo unapolowa vizuri mwanzoni mwa msimu.

Kiangazi cha kwanza mche huhitaji matandazo ya majani makavu, yasiyogusa shina ili mchwa wasilifikie. Kumwagilia maji mengi mara moja kwa wiki hufaa kuliko kunyunyiza kila siku, kwani maji machache huivuta mizizi juu. Uzio wa miiba nao ni lazima, kwa sababu baada ya mavuno mbuzi na ng'ombe huachiwa mashambani.